Ohmu Nne, Ghorofa ya Tatu

Bibi Halszka alinipigia simu Januari,
theluji imeng'ang'ania Łódź kama mgeni asiyeaga.
"Mashine inajizima," alisema. "Inapata moto,
inanuka vumbi linaloungua, halafu kimya."
Nikapanda ngazi na begi langu,
magoti yakilalamika kwa sauti kuliko yangu.

Spika zilikuwa mbili, ndefu kama watoto wa darasa la kwanza,
mbao za mwaloni, gundi imevuja pembeni.
Marehemu Gracjan alizitengeneza mwenyewe, jikoni,
baada ya zamu zake za tramu,
na miezi minane bibi alipika katikati ya unga wa mbao.
Mgongoni, kwa penseli, ameandika: ohmu nne.

Na amplifaya?
Zawadi ya mwanawe wa Poznań, nyembamba, inang'aa,
na chini yake, kwa herufi za sisimizi:
ohmu nane, zisipungue.
Nikamwambia: mama, hii ni ndoa ya kulazimishana.
Spika hizi zina kiu. Kila ukipandisha sauti
zinadai umeme maradufu,
na kijana huyu hana kisima, ana kikombe.
Akauliza, je, wati mia zilizoandikwa kwenye boksi?
Nikasema boksi nalo lina mdomo.

Nilitaka kumshauri auze spika, anunue nyingine,
zile zinazoshiba kwa wati moja.
Nikayatazama yale maandishi ya penseli.
Nikameza.

Alhamisi nilirudi na amplifaya kuukuu, kilo kumi na moja,
transfoma kama tofali, isiyoogopa ohmu nne.
Ikapiga. Ikapiga hasa!
Ukuta ukagongwa mara tatu.
Nyuma ya ukuta kuna Tymon, mtoto wa wiki sita,
na mama yake hajalala tangu amzae.

Tukashusha sauti. Besi ikaaga,
tukabaki na kelele za bati.
"Umeniletea kopo," akasema bibi.
Si kopo, mama, ni sikio.
Sauti ikiwa ndogo, sikio huanza kusahau ya chini,
kisha yale membamba ya juu,
hubaki limeshika ya katikati tu,
kama mtu anayekumbuka harusi kwa supu yake.

Kipo kitufe cha maradhi hayo, kimefutika jina. Nikakibonyeza:
besi ikarudi inanyata, viatu mkononi.
Nikazihamisha spika kutoka ukuta wa Tymon
hadi ukuta wa nje, ule usio na jirani,
unaokuazima besi bila kukudai.
Nikakata mipira minne ya tenisi nusu kwa nusu,
ikawa miguu minane, sakafu isipokee mtetemo.
Kisha kiti. Kumbe kiti ndicho kilichokuwa mbali!
Sogea, mama. Sogea tena.
Sauti ndogo haipendi safari.

Akaweka kanda: bendi ya karakana ya tramu,
Gracjan kwenye akodioni.
Kabla ya wimbo, kiti kikalia,
mtu akasafisha koo,
kisha chini kwa chini, sauti ya mumewe:
moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.

Bibi Halszka akanigeukia.
"Miaka arobaini aliniapia kwamba hahesabu.
Aliniambia mdundo umo kwenye damu."
Akacheka, kiganja mdomoni, asimwamshe Tymon,
akarudisha kanda nyuma,
akamfumania mara ya pili.

Alinilipa, akaniongezea chupa ya matango ya siki.
Barabarani nikasimama chini ya dirisha lake,
nikavua kofia, baridi ikanitafuna masikio.
Taa inawaka. Kwenye pazia, kivuli cha kichwa
kinakwenda huku na huku, kwa tatu tatu.
Nilitega sikio. Sikuambulia kitu.
Nikatoa daftari, nikaandika: kazi imekamilika.