Gole Tupu Alfajiri

Mwezi wa pili, Mvumi. Uwele shambani bado ni majani,
ghalani umebaki ule wa kupimwa kwa kiganja.
Vifaranga kumi na mmoja, wiki ya tano,
na mmoja wao, mwenye doa jeusi bawani,
alisimama pembeni, shingo imetuna
kama pindo la khanga lililofungiwa hela.

Nikasema, "Mtazame huyu, ameshiba."
Nilisema kwa wivu kidogo, nakiri.
Nyemo akacheka: "Mama, huyu kala na ya wenzake."
Tukamwacha na shibe yake.

Siku ya tatu tulimkuta kalalia kifua,
mwepesi kama ganda la karanga.
Nilimpasua kwa wembe, maana nilitaka kujua.
Ndani ya gole, nyuzi za kiroba, zile nyeupe,
zimesokotana na majani makavu,
na katikati punje nne za uwele, nzima,
hazijaguswa.
Kumbe alikufa njaa
chakula kikiwa shingoni.

Tangu hapo naamka kabla ya jogoo.
Usiku gole humaliza kazi yake, likiwa zima;
alfajiri, kabla hujamwaga pumba, halina kitu.
Basi natia mkono bandani, gizani,
nawapapasa chini ya shingo, mmoja mmoja:
tupu.
Tupu.
Tupu.
Neno nisilotaka kulisikia chunguni
wala ghalani, hapa Ugogo,
mimi huyu nalitamka bandani kama shukrani.

Jumatano, wa saba hakuwa tupu.
Gumu, donge la kichuguu chini ya manyoya.
Nikamtenga kwenye ndoo iliyotoboka, bila chakula.
Maji ya vuguvugu, tone, nangoja ameze, tone.
Kisha mafuta ya alizeti, kidogo tu,
yale Chilongani aliyoyatoa Kibaigwa
akasema yasiishie kwenye mlenda.
Hayakuishia kwenye mlenda.
Halafu kidole gumba na cha shahada, polepole,
kama mtu anayevunja mabonge ya unga
asitake unga ujue.
Nampumzisha. Namrudia jua likigeuka.

"Usimning'inize kichwa chini," Mama Chedego alinionya.
"Wa kwangu nilimgeuza hivyo atapike,
yale maji yakamwingia kwenye pumzi."
Alisema akitazama ukuta.
Akaniambia pia lipo gole la namna nyingine,
laini, linacheza kama kibuyu,
na mdomo unanuka pombe iliyolala.
Hilo usilikande, mpeleke kwa bwana mifugo,
na vyombo vya maji uvisugue kwa majivu.

Shemeji akapita, akachungulia ndoo.
"Kuku wa elfu moja na mia tano
unamkesha kama mgonjwa wa wodini?"
Nilikuwa na jibu, lakini mkono ulikuwa na kazi.

Ijumaa, kabla ya mwanga, nilipapasa
nikakuta ngozi tu, imelegea, kama mfuko wa daftari
siku ya kufunga shule.
Chini ya ndoo, kinyesi cheusi chenye nyuzi.
Nikamwita Nyemo aje aone, amebeba kibatari,
tukainama wawili juu ya mavi ya kuku
kama watu wanaosoma barua.

Sasa anakula uji wa uwele, kijiko, si zaidi,
na mchanga wa korongoni nimewawekea kwenye kifuu.
Nyemo anazunguka ua akiokota nyuzi za viroba,
anazisokomeza kwenye kopo la maziwa.
Limejaa nusu. Sikujua tunaishi na nyuzi nyingi namna hii.

Jana usiku yeye amelala, nikapita na kibatari,
na mkono, kwa mazoea,
ukaenda wenyewe tumboni kwake.
Nikaupima ule ugali wa jioni.
Haukuwa mwingi.
Ulikuwepo.
Nikazima taa.