Sababu ya Safari

Ijumaa jioni niliifunika mashine
kwa kile kitambaa chake cha maua,
nikafagia vipande vya nyuzi chini ya kiti, kijani na njano,
nikahesabu: elfu arobaini na tano.
Kumi nikazificha ndani ya soksi,
kwa sababu soksi haina tamaa.

Mama akauliza, Nani kafiwa Njombe?
Hakuna, mama.
Nani anaoa?
Hakuna.
Akanyamaza, akaendelea kukwangua sufuria
iliyokwisha kutakata.
Kwetu mtu hufunga safari
kwa sababu ya jeneza, au ya mahari, au ya gunia.
Anayekwenda mikono mitupu ana lake jambo.

Saa kumi na mbili asubuhi nipo Uyole,
ukungu umewakalia watu mabegani kama shuka la kuazima,
na Subilaga, niliyepanga naye tangu mwezi wa pili,
anatuma ujumbe: Nimeamka na mafua. Nenda tu.

Nikaenda tu.

Pale Chimala niliiona barabara ya Matamba
imejikunja mlimani, kona juu ya kona,
kama uzi ulioponyoka kwenye gurudumu la mashine,
na nikatamani mtu wa kumwambia.
Jirani yangu alikuwa amelala na kuku mapajani.
Nikamwambia kuku.

Makambako upepo ulinipokonya mtandio kabla sijashuka vizuri.
Hindi moja la kuchoma, mia tano.
Nililila taratibu, punje kwa punje,
ili lihesabike kuwa chakula cha mchana.

Njombe. Nyumba ya wageni nyuma ya soko,
chumba elfu kumi, ndoo ya maji ya moto mia tano,
blanketi tatu bure, maana bila hizo mgeni angekufa.
Dada Leokadia akanisogezea daftari kubwa
na kalamu iliyofungwa kwa kamba.
Jina: Tusekile Mwakalobo.
Kazi: fundi sweta.
Atokako: Mbeya.
Sababu ya safari.
Juu yangu walikuwa wameandika
biashara, biashara, msiba, hospitali, biashara.
Nikaandika: Kuona.

Kuona nani?
Kuona tu.
Kumwona mgonjwa?
Hapana, dada. Kuona. Mji.
Alinitazama kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi kwenye mwanga,
kisha akakata neno langu kwa mstari mmoja
akaandika Biashara,
polisi wasije wakatusumbua sote wawili.

Nililala na soksi zangu, na elfu zangu ndani yake.

Asubuhi, kengele za kanisa zikiwa bado hewani,
nilishuka hadi kwenye maporomoko.
Watoto walikuwa wakirusha majani ya mlingoti
na kuyashangilia yakizama.
Mmoja, Jumapili yote hiyo, alivaa sweta la shule,
kijani, mstari wa njano, kiwiko kimetoboka.
Nikaiona shingo yake. Mshono mara mbili.
Hakuna fundi Mwanjelwa anayeshona shingo mara mbili ila mimi,
kwa kuwa najua watoto wanapokamatana wanakamatana wapi.

Umelipata wapi?
Dukani, akasema, akarudi kwenye jani lake.

Nikasimama pale nimelowa manyunyu usoni.
Miaka minne nimekaa kwenye kile kiti,
dirisha langu linatazama ukuta wa mashine ya kusaga,
na kazi ya mikono yangu imetangulia huku,
imepanda basi, imelala baridi hii,
imecheza, imetoboka.
Na haikuulizwa sababu.

Nauli ya basi ilikuwa haitoshi.
Nilirudi na fuso la viazi, elfu nane,
dereva mmoja aitwaye Ngailo
ambaye kutoka Njombe hadi Uyole alisema maneno mawili:
Funga kioo.

Nyumbani imebaki elfu moja na mia tano.
Mama hajalala. Kanifunikia ugali.
Umeona nini sasa?
Maji, nikasema. Maji yanaanguka.
Kwani hapa hakuna maji?

Nikala. Akapunguza utambi wa taa, akaelekea chumbani kwake,
na pale mlangoni, bila kugeuka:

Yanaanguka kutoka juu sana?