Mkwaruzo

Khelef kaniletea albamu ile ile ya roki
ndani ya kidude kisichozidi ukucha.
"Sikiliza, ami. Haina vumbi hii."

Kweli. Nimesikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa,
mpiga ngoma akivuta pumzi.
Na pale santuri yangu inaporuka,
tangu Biubwa alipoikalia, Wete, mwaka wa mvua kubwa,
pana maneno manne
ambayo miaka arubaini sikuyajua.

Mazuri, sikatai.

Lakini sindano ikiruka
Biubwa alikuwa akipiga kofi,
na mimi nikimjibu kwa la pili.

Wimbo ukapita mzima, safi, kama maji ya chupa.
Mikono yangu ikabaki hewani.

"Unaomba dua, ami?"
Nikamwambia ndiyo.