Barua za Danguole

Saa kumi alfajiri avaa buti,
la kushoto mguuni kulia.
Barua zimechelewa, asema.
Miaka thelathini na mmoja alizipeleka
hapa Rokishkis, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa homa.

Mwanzoni nilifunga mlango.
Aliupiga ngumi mpaka vifundo vikavimba.
Ufunguo nikauficha ndani ya debe la unga,
kisha nikasahau mimi nilikouficha.
Siku hiyo tulicheka wote wawili.

Sasa, akilala, naandika bahasha:
Bi Staseta, nyumba ya bati la kijani.
Aldona, duka la mkate.
Ndani sitii kitu.

Natembea nyuma yake hatua ishirini, kama mwizi.
Majirani hupokea, hushukuru.
Aldona kila mara huuliza,
"Hakuna ya mwanangu, kutoka Norwe?"
"Kesho, mama."
Jioni huzirudisha kwetu zimelowa theluji;
nazianika juu ya jiko.

Leo, langoni petu, aligeuka akanisubiri.
Akanitazama kwa adabu ya kazi.
"Wewe ndiye Bwana Zenonas?"

Miaka arobaini na minne ya ndoa
nikaimeza na mate.
"Ndimi."
"Tia sahihi."
Nikatia kwa kidole, kiganjani mwake.

Bahasha ile gundi yake niliilamba mwenyewe jana.
Hata hivyo niliifungua polepole.

"Habari njema?" akauliza.
Theluji ilikuwa ikimwingia kolani.
Nikamwambia ndiyo,
ingia, upashe mikono moto.