Nyuma kwa Saa Tatu

Ghala la chai, Shimanzi. Kamera kumi na mbili
zaning'inia juu ya maboksi kama popo walioshiba,
na seva mpya, Linux tupu, yavuma chini ya meza,
ila ukurasa haufunguki.
403. Huna ruhusa.
Nani hana ruhusa? Mimi? Mimi niliyekuzaa saa mbili usiku huu huu,
nikakupa jina, nikakupa nywila?

Bwana Taibali ataka picha kabla ya mnada wa asubuhi.
Kashapiga simu mara tatu; ya mwisho alikuwa akipiga miayo.

Nasoma kumbukumbu za makosa, mstari kwa mstari,
kama anayechagua chuya kwenye mchele wa arusi.
Kumbe folda ya picha ni mali ya ruti,
na seva ya wavuti ni mpangaji asiye na ufunguo,
abisha mlango wa chumba alichokilipia.
Nabadilisha umiliki. Nawasha upya.
404.
Basi tumetoka kwenye "hodi, usiingie"
tumefika kwenye "nyumba hiyo haiko mtaa huu."
Hayo ni maendeleo. Usicheke.

Dzombo, bawabu wa zamu ya pili, aniletea kahawa tungu
na kaimati mbili kwenye gazeti. "Yakubali, fundi?"
"Yakaribia."

Moduli moja ilikuwa imelala. Naiamsha.
Njia moja niliiandika ikapungua mkwaju. Nauongeza.
Na mara, picha! Boksi, boksi, paka,
boksi, kisogo changu mwenyewe.

Ila pembeni, kwa tarakimu nyeupe: 23:04.
Simu yangu yasema 02:04.
Saa nane na dakika nne, kwa hesabu ya mama.
Mashine yahesabu saa za Grinichi;
hakuna aliyeiambia kuwa iko Mombasa.
Ni mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio,
waanza kwa nukta-mkato, maana yake: puuza.

Vidole vyasita.

Mashine ya kale, ile niliyoing'oa jana,
niliifungua nikaona: nayo haikuambiwa.
Na mwezi uliopita Mwamburi alifutwa kazi kwa picha.
Mgongo wa mtu, boksi sita, mlango wa nyuma,
saa tano na robo usiku. Zamu yake.
Aliapa kwamba saa hiyo alikuwa langoni.
Wakamwonyesha tarakimu.
Tarakimu hazina shangazi, wakasema.

Tano na tatu ni nane.
Zamu hubadilishwa saa sita.

Nafuta nukta-mkato. Nawasha upya.
Tarakimu zaruka kwa pamoja, kamera zote kumi na mbili.
Kwenye ile ya saba Dzombo akaza kifuniko cha chupa,
atazama juu, anipungia mkono.
"Imekubali?" sauti yake yaja kupitia ukuta.

Kaimati ya pili bado iko kwenye gazeti,
shira yake yalowesha habari za juzi.
"Saa imekubali," namjibu.
Diski ya kale i mfukoni mwangu. Bado sijui
nianze kumpigia nani.