Mkia wa Tso

Bi Haykanush aliingia na theluji mabegani,
akafuta meza yangu kwa kiwiko ndipo akaweka simu.
"Nitengenezee hiki. Kiwe kikubwa kama mlango."
Kwenye kioo, picha isiyozidi ukucha:
kibao cha duka lake la mkate, hapahapa Gyumri,
kile kilichobebwa na upepo wa Machi
na hadi leo hakijulikani kilitua wapi.

Nikaikuza. Nikaikuza tena.
Ikavunjika vijumba.
"Hivi ni vitu gani?"
Pikseli, mama. Picha ya simu ni sakafu ya vigae,
kila kigae na rangi moja tu.
Ukiinama mno huoni sura, unaona sakafu.
"Basi ongeza vigae."
Mashine itaongeza, lakini kwa kukisia,
itakuchorea kibao cha mtu mwingine.

Akanyamaza. Akatoa gata kwenye mfuko wa koti,
akaimega, kipande kikubwa akanipa mimi.

Ipo vekta, nikamwambia huku natafuna.
Haina vigae. Ni nukta na nukta,
na kati yake mstari unaojua kupinda;
kila nukta ina mikono miwili,
uvute mmoja, mstari unageuza shingo.
Ni hesabu tupu. Iweke kwenye stempu,
iweke kwenye ukuta wa stesheni,
ukingo wake hauchuji.

Nikalaza picha tabaka la chini,
nikaififisha hadi ikawa ukungu,
juu yake nikatandika tabaka lisilo na kitu,
nikaanza kuufuata mkono wa marehemu mumewe.
Ho. Ayb. Tso.
Herufi tatu, *hats*, mkate.

Saa kumi jioni nikamaliza.
Nilikuwa nimenyoosha migongo,
nimesawazisha mapengo kwa gridi,
najisifu kimoyomoyo.
Akavaa miwani.
"Huyu si Vagharshak."

"Alipaka akiwa juu ya ngazi.
Mimi nimeishika, mimba miezi saba,
ananichekesha, naye anacheka.
Hapa, kwenye mkia wa Tso, brashi iliteleza.
Na hapa, baada ya Ho, alishuka kunywa kahawa,
aliporudi ngazi ilikuwa imesogea.
Wewe umefuta kahawa. Umefuta na kicheko."

Nikarudisha nyuma hatua moja.
Kumi. Arobaini na tatu.
Mkia ukaanza kuteleza tena mbele yetu.
"Kumbe humo kuna kurudi," akasema,
akatazama dirishani kwa muda.

Chuoni Yerevan walitufundisha:
pengo likizidi, neno hukatika.
Nililiacha lizidi.

Kisha rangi. Alitaka wekundu wa komamanga,
na kwenye skrini uliwaka hasa,
kwa kuwa skrini huchanganya mwanga:
nyekundu, kijani, buluu, vikijaa vyote ni weupe.
Mashine ya Razmik kule chini huchanganya wino,
na wino ukijaa wote ni tope.
Nikaongeza milimita tatu kila upande,
rangi ivuke mpaka,
maana hata kisu cha Razmik hutetemeka.

Sampuli ikatoka imepauka.
Nikaanza kuomba radhi, nikamlaani Razmik,
nikaulaani wino wa bei rahisi.
Bi Haykanush akaipeleka kwenye mwanga wa theluji.
"Nyamaza wewe," akasema.
"Jua lilikila miaka tisa. Kilikuwa hivihivi."

Faili langu la kwanza niliita *mwisho*,
la pili *mwisho kabisa*,
la saba *mwisho wallahi*.
Lile la nane yeye ndiye aliyelipa jina,
nami silitaji.

Alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa mikate.
Akaomba nakala kwenye flashi,
akaifunga ndani ya leso pamoja na funguo za tanuri.
"Machi itarudi," akasema,
akaufungua mlango kwa bega.