Upande Huu Juu

Ijumaa, kipindi cha tatu, niliitembeza fomu
kwa watu saba watie saini kwamba sidaiwi.
Mkutubi alinidai kamusi. Nikamrudishia
bila jalada, kurasa za Z zimetafunwa na panya wa Mikindani.
Bwana wa maabara akafungua daftari lake refu:
"Swabra Athumani. Bika moja ya kioo, kidato cha pili."
Shilingi mia na hamsini. Nilikuwa nimeisahau.
Yeye hakusahau.

Mwalimu wa darasa aliikunjua rejista,
akapitisha kidole kwenye mstari wangu:
siku thelathini na moja za wino mwekundu.
Kila alama naikumbuka ilikouma,
hii goti, hii kifua, hii nyonga,
hii usiku kucha Makadara, wadi ya watoto,
muuguzi akiniuliza, "Kwani wewe si mkubwa kwa kitanda hiki?"

Selimundu, ndivyo kilivyoandika kitabu cha Biolojia.
Mamangu hulitaja kwa sauti ya chini,
kama jina la shemeji aliyetukosea.
Mundu mdogo, ndani ya damu,
usiojua majira ya mavuno.

"Unakata tamaa," alisema mwalimu.
Jibu zuri lilinijia langoni,
nusu saa baadaye, hapana wa kulipokea.

Babangu huhesabu makontena bandarini.
Kwake, kilichotoka kwenye orodha kimepotea.
Siku tatu hakunisemesha.
Alikula, akanawa, akasoma gazeti lile lile.
Msikitini wangemuuliza, naye angesema nini?
Kwamba binti kaacha shule mwezi wa sita, kidato cha tatu,
hana mimba, hana mchumba,
wala tikiti ya Saudia?
Sababu zilizoshonwa tayari hazikunienea.

Siku ya nne akarudi na mbao begani,
ubavu wa kasha lililotoka mbali,
akapigilia misumari hadi jirani akagonga ukuta.
Meza. Mguu mmoja mfupi, umewekewa kiberiti kitupu.
Juu yake maandishi meusi, UPANDE HUU JUU,
na mshale mnene.
Chumba ni chembamba, haikuingia ila kwa ubavu,
basi mshale unaelekeza chooni.
Tulicheka. Yeye ndiye aliyeanza.

Sketi nilimuuzia Mbeyu wa kidato cha kwanza,
akaikunja kiunoni mara mbili.
Tai nimefungia chandarua.

Sasa Jumatatu hadi Alhamisi, baada ya Magharibi,
nasoma ghorofani, juu ya duka la matairi, Changamwe.
Daftari zangu zote zinanuka mpira.
Tuko kumi na wawili, watahiniwa wa kibinafsi.
Mzee Katana ni bawabu, anataka cheti
ili asiamrishwe tena na kijana mwenye cheti.
Bi Tatu ana wajukuu watatu na hofu ya aljebra.
Mimi namfafanulia x, yeye ananifunza
kukaa nikiumwa bila kuomba radhi.
Nikizidiwa, naenda kulala. Nikirudi
ukurasa uko pale pale.
Hakuna anayeita majina.
Jioni ya kwanza nililingoja langu
mpaka taa zikazimwa,
na "nipo" bado mdomoni.

Kisha nikaanza kukiona: ukingoni mwa meza,
kila asubuhi, kijistari kimoja cha penseli.
Vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yake,
vile wanavyohesabu bandarini.
Hajasema kitu, nami sijauliza.
Nilidhani anahesabu sura ninazomaliza.

Jana usiku nyonga ilinishika, sikufungua kitabu.
Asubuhi kijistari kilikuwapo.